Mama Mjamzito Mwenye Saratani: Altrasaundi katika Kumlinda Mtoto Aliye Tumboni



Wapendwa wasomaji, katika vijiji vya milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, habari ya mimba hupokelewa kwa furaha, na habari ya saratani hupokelewa kwa hofu na ukimya. Habari hizo mbili zinapoingia katika nyumba moja, kwa mama mmoja, familia hujikuta katika maswali mazito. Je, mama aanze matibabu mara moja, au asubiri ajifungue? Je, dawa za saratani hazitamwua mtoto? Je, kipimo cha altrasaundi hakitamdhuru? Na je, Mama Kanisa anamtaka mama afe ili mtoto aishi?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu. Tutaeleza kwanza jinsi altrasaundi inavyofanya kazi na jinsi inavyotumika kufuatilia afya ya mtoto wakati mama yake anaugua saratani. Kisha tutatazama mafundisho ya Kanisa, na mwisho tutasema neno kuhusu wajibu wa familia na jumuiya zetu. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari. Ni mwanga wa kumsaidia mwamini aende kwa daktari akiwa ameelewa, wala asikae nyumbani kwa kuogopa.

Saratani wakati wa ujauzito

Saratani wakati wa ujauzito si jambo la kila siku, lakini lipo. Katika nchi zenye kumbukumbu kamili za kitabibu, inakadiriwa kwamba katika kila mimba 1,000 mmoja hivi wa akina mama hugundulika kuwa na saratani. Zinazoonekana zaidi ni saratani ya matiti, saratani ya mlango wa kizazi, saratani za damu na za tezi za limfu, na saratani ya ngozi. Hapa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti ndizo zinazoongoza kwa wanawake, na zote mbili huweza kumpata mama akiwa bado katika umri wa kuzaa.

Ugumu mmoja ni kwamba dalili za saratani hujificha nyuma ya dalili za mimba. Matiti ya mjamzito hujaa na kuwa mazito, hivyo uvimbe mdogo huweza kudhaniwa kuwa ni maziwa. Kutokwa damu ukeni hudhaniwa kuwa ni mimba inayotishia kutoka. Uchovu na upungufu wa damu huhesabiwa kuwa ni kazi za shamba au malaria. Kwa sababu hiyo mama wengi huchelewa. Tunasisitiza: uvimbe wa titi usioondoka kwa wiki mbili, damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au uchafu ukeni wenye harufu kali ni mambo ya kumweleza mkunga siku hiyo hiyo, hata kama mama ni mjamzito, naam, hasa kama ni mjamzito.

Altrasaundi ni nini?

Altrasaundi ni kipimo kinachotumia sauti. Mashine hupeleka mawimbi ya sauti ndani ya mwili, nayo yakigonga kiungo hurudi kama mwangwi. Kompyuta huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Mtu aliyewahi kupaza sauti bondeni akasikia mlima ukimjibu ameshaielewa kanuni yake. Tofauti ni kwamba sikio la mwanadamu husikia sauti ya mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde, ilhali sauti ya altrasaundi ya mimba hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde.

Kwa hiyo altrasaundi si eksirei. Haina mionzi ya aina ile inayoweza kuharibu chembe za mtoto. Ndiyo sababu kwa mjamzito mwenye saratani huwa kipimo cha kwanza kufikiriwa, na huweza kurudiwa mara nyingi. Hata hivyo madaktari hufuata hekima ya kutumia nguvu ndogo na muda mfupi kadiri inavyotosha, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kipimo ni cha tiba. Si burudani ya kumtazama mtoto bila sababu.

Historia yake inagusa moja kwa moja mada yetu. Mwaka 1958, daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha katika jarida la Lancet picha za kwanza za aina hiyo za tumbo la mwanamke, zikiwemo za mtoto aliye tumboni. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwako mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika. Altrasaundi ilionyesha kwamba ule haukuwa uvimbe wa saratani bali mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Akafanyiwa upasuaji, akapona. Tangu mwanzo, basi, kipimo hiki kimewahudumia mama anayehofiwa kuwa na saratani na mtoto asiyeonekana kwa macho.

Kazi ya kwanza: kujua umri wa mimba

Mama anapogundulika kuwa na saratani, swali la kwanza la daktari huwa ni hili: mimba ina wiki ngapi? Jibu lake huongoza karibu maamuzi yote yanayofuata.

Viungo vya mtoto huumbika hasa katika wiki 12 za mwanzo. Katika kipindi hicho dawa nyingi za saratani zinaweza kuharibu mimba au kusababisha kasoro za viungo, kwa hiyo huepukwa. Baada ya wiki ya 12 hadi ya 14, baadhi ya dawa hizo, zikiwemo zinazotumika mara kwa mara kwa saratani ya matiti, huweza kutolewa kwa uangalizi. Tena, kadiri mama anavyokaribia kujifungua, dawa husimamishwa, kwa kawaida wiki tatu hivi kabla, ili chembe za damu za mama na za mtoto zipate kurudi katika hali yake.

Sasa tufikiri: mama hakumbuki tarehe ya hedhi yake ya mwisho, jambo la kawaida kwa anayenyonyesha au aliyetumia njia za kuchelewesha hedhi. Akikisia kwamba mimba ina wiki 14, kumbe ina wiki 10, dawa itatolewa wakati viungo vya mtoto bado vinaumbika. Na mwishoni, akizalishwa kwa kudhaniwa kuwa na wiki 37, kumbe ana wiki 33, mtoto atazaliwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Kosa la wiki nne katika hesabu linaweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Altrasaundi ya mapema hurekebisha kosa hilo. Kabla ya wiki ya 14 mtaalamu hupima urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi matakoni, na kipimo hicho hutaja umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba tu. Kadiri mimba inavyokua ndivyo usahihi unavyopungua, kwa kuwa watoto huanza kutofautiana kwa ukubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mama mwenye saratani pendekezo hilo ni la lazima zaidi, na mapema zaidi.

Kipimo hicho cha kwanza huonyesha pia kama mtoto yu hai, kama ni mmoja au mapacha, na kama mimba imetunga mahali pake. Huweza pia kutambua mimba zabibu, yaani hali ambamo tishu za kondo hukua bila mpangilio na kujaza mfuko wa uzazi vifuko vinavyofanana na zabibu. Katika mimba zabibu iliyo kamili hakuna mtoto, na tishu zake zisipoondolewa na kufuatiliwa zinaweza kugeuka saratani. Familia inapoambiwa habari hiyo, ni vema ielewe kwamba kuondoa tishu hizo si kutoa mimba.

Kazi ya pili: kuvitazama viungo

Kati ya wiki ya 18 na ya 22 hufanyika altrasaundi ya kina ya viungo. Mtaalamu hutazama kichwa na ubongo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, tumbo, figo, kibofu, mikono na miguu, kisha mahali lilipo kondo la nyuma. Kwa mama aliyeanza matibabu, kipimo hiki huonyesha kama viungo vimeumbika sawasawa. Kwa anayetarajia kuanza, huonyesha hali ya mtoto kabla ya dawa, ili mabadiliko ya baadaye yapate kulinganishwa. Bila kipimo hicho cha awali, kila kasoro itakayoonekana baadaye itasingiziwa dawa, hata kama ilikuwapo tangu mwanzo.

Kazi ya tatu: kufuatilia ukuaji wakati wa matibabu

Mama akiwa katika tibakemia, altrasaundi hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na mara nyingi kabla ya kila mzunguko wa dawa. Mambo makuu yanayotazamwa ni haya:

Kwanza, ukuaji wa mwili. Hupimwa mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, na kutokana na hivyo hukadiriwa uzito. Tumbo la mtoto ndilo huanza kubaki nyuma anapokosa lishe, kwa kuwa ini lake hupungukiwa akiba, huku kichwa kikiendelea kukua. Kipimo kimoja hakitoshi. Kinachosema kweli ni mlolongo wa vipimo.

Pili, maji ya uzazi. Mtoto huogelea katika maji ambayo, kuanzia katikati ya mimba, hutokana kwa sehemu kubwa na mkojo wake mwenyewe. Mfuko wa maji wenye kina kikubwa zaidi ukipimwa hutakiwa kuwa kati ya sentimita 2 na 8. Maji yakipungua, huenda kondo halifanyi kazi vizuri, au figo za mtoto zimeathirika. Dawa ya trastuzumab, inayotumika kwa aina fulani ya saratani ya matiti, inajulikana kwa kupunguza maji haya, na kwa sababu hiyo haitolewi wakati wa ujauzito.

Tatu, mtiririko wa damu. Kipimo cha Dopla, kilichopewa jina la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyeieleza kanuni yake mwaka 1842, huonyesha kasi ya damu katika kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, na katika mshipa mmoja wa ubongo wa mtoto. Damu ikipita kwa shida kwenye kiungamwana, kondo limeanza kushindwa. Damu ikikimbia kupita kiasi katika mshipa wa ubongo, mtoto huenda ana upungufu wa damu, jambo linaloweza kutokea chini ya tibakemia.

Nne, uchangamfu wa mtoto. Kwa muda usiozidi nusu saa mtaalamu hutazama kama mtoto anajizoeza kupumua, anajongea, anakunja na kukunjua viungo, na kama maji yanatosha. Pamoja na hayo husikiliza mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Tano, mlango wa kizazi. Urefu wake hupimwa ili kuona kama kuna dalili za kujifungua kabla ya wakati, hasa kwa mama aliyefanyiwa upasuaji kwenye sehemu hiyo.

Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia. Katika bonde la Kilosa na Kilombero malaria bado ipo, na malaria katika kondo humfanya mtoto abaki mdogo. Upungufu wa damu, shinikizo la damu na lishe duni hufanya vivyo hivyo. Mtoto wa mama mwenye saratani akionekana mdogo, tusikimbilie kusema ni dawa za saratani, wala tusiziache dawa hizo kwa kukisia. Mama aendelee kulala ndani ya chandarua, ahudhurie kliniki ya wajawazito kama wenzake, na amweleze mkunga dawa zote anazopewa.

Mipaka ya kipimo hiki

Uaminifu unatudai tuseme pia yale ambayo altrasaundi haiwezi. Haioni kila kasoro. Haisemi mtoto atakuwa na akili kiasi gani. Ubora wa picha hutegemea mashine, unene wa tumbo la mama, jinsi mtoto alivyolala, na zaidi ya yote ujuzi wa anayepima. Wala altrasaundi haitibu, humwongoza anayetibu.

Kuhusu maendeleo ya watoto baada ya kuzaliwa, kuna habari ya kutia moyo. Mwaka 2015, daktari Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakati wa mimba na watoto 129 wa mama wasio na saratani. Ukuaji wa mwili, akili na moyo haukutofautiana kwa kiasi cha kutisha. Kilichowapunguzia baadhi yao uwezo wa akili kilikuwa hasa kuzaliwa kabla ya wakati. Funzo lake ni wazi: ikiwezekana, mtoto asizaliwe mapema kwa sababu ya hofu tu, na altrasaundi ndiyo inayowasaidia madaktari kujua kama anaweza kuendelea kukaa tumboni salama.

Si matibabu yote yanayolingana

Upasuaji, kwa mfano wa titi, huweza kufanyika wakati wa mimba. Tibakemia, kama tulivyoona, huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kwa dawa zilizochaguliwa. Dawa za kuzuia homoni, kama tamoksifeni, husubiri hadi baada ya kujifungua. Tiba ya mionzi kwenye nyonga, ambayo ni tiba kuu ya saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea, haiwezi kutolewa bila mtoto kupoteza uhai. Ndiyo maana saratani hiyo huleta maamuzi magumu kuliko nyingine. Ikiwa ni ya hatua ya mwanzo na mimba imesonga, mara nyingi madaktari huweza kusubiri mtoto akomae huku wakimfuatilia mama kwa karibu; ikiwa imeenea na mimba ni changa, kusubiri kunaweza kuhatarisha uhai wa mama.

Mafundisho ya Kanisa

Kanisa linafundisha kwamba uhai wa binadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida. Uhai huo ni wa wawili: wa mama na wa mtoto. Kanisa halijapata kufundisha kwamba uhai wa mmoja una thamani kuliko wa mwenzake.

Kuhusu vipimo vya mtoto tumboni, hati Donum Vitae ya mwaka 1987, Waraka wa Mtakatifu Yohane Paulo II Evangelium Vitae wa mwaka 1995, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki vinafundisha jambo moja: vipimo ni halali vinapoheshimu uhai na mwili wa mtoto, na kulenga kumlinda au kumponya. Vinakuwa haramu pale vinapofanywa kwa nia ya kumwua mtoto iwapo ataonekana na kasoro. Altrasaundi tuliyoieleza, inayofanywa ili mtoto atunzwe wakati mama anatibiwa, ni tendo jema na la kushukuriwa.

Kuhusu matibabu ya mama, Papa Pius XII alieleza mwezi Novemba 1951 kwamba, pale ambapo kuokoa uhai wa mama kunadai upasuaji au tiba ya haraka isiyotokana na ule ujauzito wenyewe, na kifo cha mtoto kikafuata bila kutakwa wala kukusudiwa ingawa hakikuepukika, tendo hilo haliitwi shambulio la moja kwa moja dhidi ya uhai usio na hatia. Kwa hiyo mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa kizazi anaweza kupokea tiba ambayo maisha yake yanaidai, hata kama inajulikana kwamba mtoto hataishi, mradi tiba inaielekea saratani yenyewe, na hakuna njia nyingine salama ya kusubiri.

Kilicho haramu daima ni kumwua mtoto moja kwa moja, iwe kama lengo au kama njia ya kufikia lengo jingine. Mama anapoambiwa, "Tuitoe mimba kwanza ndipo tukutibu," ana haki ya kuuliza: je, ipo tiba inayoweza kuanza huku mimba ikiendelea? Kwa saratani nyingi jibu ni ndiyo. Na pale ambapo mtoto amefikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, kumzalisha mapema kwa sababu nzito, huku akiandaliwa matunzo, ni halali. Altrasaundi huonyesha kama wakati huo umefika, na daktari huweza kutoa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kumzalisha.

Mashahidi wawili

Waamini wengi wanalijua jina la Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyezaliwa mwaka 1922. Husemwa mara nyingi kwamba alikufa kwa saratani, si hivyo. Mwaka 1961, akiwa na mimba changa, alipatikana na uvimbe katika mfuko wa uzazi usio wa saratani. Alichagua upasuaji wa kuondoa uvimbe tu, ili mtoto abaki. Tarehe 21 Aprili 1962 alimzaa binti yake, Gianna Emanuela, na tarehe 28 Aprili akafariki kwa maambukizi ya tumbo. Alitangazwa Mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, mumewe Pietro na watoto wao wakiwapo.

Wa pili ni Mtumishi wa Mungu Chiara Corbella Petrillo, wa Italia pia, aliyezaliwa mwaka 1984. Watoto wake wawili wa kwanza walionekana katika altrasaundi kuwa na kasoro zisizoruhusu kuishi. Yeye na mumewe Enrico waliwapokea, wakawabatiza, na wakawasindikiza katika muda mfupi wa maisha yao. Akiwa na mimba ya tatu alipatikana na saratani ya ulimi. Alifanyiwa upasuaji wa kwanza wakati wa ujauzito, na matibabu mazito zaidi yakasubiri hadi Francesco alipozaliwa salama mwaka 2011. Chiara alifariki tarehe 13 Juni 2012.

Tunawataja kwa heshima, na kwa tahadhari. Kanisa huwaheshimu kwa sababu walitoa kwa hiari zaidi ya walichodaiwa. Ushujaa wao si sheria ya kumbebesha kila mama. Mama anayekubali tiba halali ili apone na kuwalea watoto wake hajatenda dhambi, wala hajapungukiwa imani. Mtu asimhukumu, awe mkwe, jirani au kiongozi wa jumuiya.

Safari ya kutoka milimani

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Vidunda. Kati ya nyumba yake na daktari bingwa kuna mteremko wa mlima, barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza utelezi, kisha safari ya kupitia Kidodi hadi Mikumi. Kwa hiyo tunashauri hatua zifuatazo.

Aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na aeleze dalili zake bila aibu. Aombe rufaa ya kwenda mahali penye altrasaundi na daktari. Kwa wakazi wa upande huu, Hospitali ya Mtakatifu Kizito Mikumi na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, zote za Kanisa, pamoja na hospitali za serikali Kilosa na Morogoro, ni milango ya kuanzia. Uthibitisho wa saratani hutokana na kipande cha nyama kinachopimwa maabara, na matibabu yake makuu hupatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Vilevile Hospitali ya Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, hutoa huduma za saratani.

Atunze kila karatasi ya altrasaundi pamoja na kadi ya kliniki. Karatasi ya wiki ya 10 ndiyo itakayomwambia daktari wa Dar es Salaam kama mtoto wa wiki ya 30 anakua au amesimama. Ikipotea, hesabu nzima huanza upya kwa kukisia.

Mume aende naye. Mama akiwa peke yake mbele ya habari nzito husikia nusu tu ya maneno. Waulize pamoja: Saratani iko hatua gani? Mimba ina wiki ngapi kwa altrasaundi, na si kwa kukisia? Tukisubiri, hatari ni ipi? Tukianza sasa, mtoto atafuatiliwa wapi na kila baada ya muda gani? Atazaliwa wapi, na je, hapo pana huduma ya watoto njiti?

Tunaomba pia waganga wa kienyeji wasipewe miezi ambayo saratani haitoi. Kila mwezi unaopotea milimani huondoa tiba moja katika orodha ya zile ambazo zingemfaa mama bila kumdhuru mtoto.

Wajibu wa jumuiya na parokia

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na WAWATA wana kazi hapa iliyo ya dhahiri: nauli ya kwenda kipimo kila baada ya wiki tatu, mtu wa kulala na watoto waliobaki nyumbani, chakula cha mgonjwa, ndugu wa kumpokea mjini. Mahubiri ya kutetea uhai yasiyokuwa na nauli ndani yake humwacha mama peke yake na uamuzi wake.

Katekista amjulishe paroko mapema. Mama mwenye saratani anaweza kupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa mara ugonjwa wake unapoanza kuwa wa hatari, si lazima asubiri saa ya kufa. Mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kuchelewa. Padre au shemasi asipokuwapo, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza kumbatiza kwa maji, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wakunga wetu wakumbushwe jambo hilo. Na mtoto akifariki kabla ya kuzaliwa, wazazi wake wamefiwa; wapewe matanga ya moyo kama wafiwa wengine, na mwili wa mtoto uzikwe kwa heshima.

Mama akishajifungua, asiachwe. Kwa kawaida hatanyonyesha akiwa katika tibakemia, na wengine wasiojua watamsema. Mtoto aliyezaliwa mdogo abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na baba au bibi anaweza kushika zamu mama anapopumzika. Tusisahau pia kinga: tangu mwaka 2018 serikali hutoa chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Wazazi wa Kikatoliki wawapeleke binti zao bila kusikiliza uvumi.

Wapendwa wasomaji, sauti inayopita ndani ya tumbo la mama na kurudi kama mwangwi hutuletea habari ya mtu ambaye bado hajalia. Yeye na mama yake wote wawili wanatusubiri: mganga kwa ujuzi wake, mume kwa uaminifu wake, parokia kwa mikono yake. Tumwombe Mtakatifu Gianna awaombee akina mama wote walio katika njia hii, na Bikira Maria, aliyekwenda kwa haraka katika nchi ya milima kumhudumia Elizabeti mjamzito, atufundishe kupanda na kushuka milima yetu kwa haraka ile ile.